Sufuri mbili za senti: nani anaamua ipi ni hitilafu na ipi ni ombi tu

Mwisho wa Januari 2026 mradi wa curl ulifunga ile zawadi ya pesa waliyokuwa wanawapa watu wanaogundua matundu ya usalama kwenye programu yao, na habari ilitufikia huku Uganda tukiwa ndiyo kwanza tumetoka kuzimiwa intaneti ya uchaguzi, data imerudi, watu wanafungua magrupu yao ya WhatsApp wanakuta mjadala umeshawaka. Wengi walikuwa na wazo moja tu, kwamba hata hawa wa programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote, sasa wamefunga mlango, hawataki tena kusikia mtu mdogo. Mimi naona hapo tumesoma vibaya. Kilichofungwa ni pochi, ripoti bado zinapokelewa. Na hata tukisema mlango, vita yenyewe haiko mlangoni, iko ndani, pale mtu anapochukua ulichoandika na kukibandika lebo, hii hitilafu, hili ombi la maboresho, hii ni marudio, hii tufunge. Kwenye hiyo lebo ndipo sisi wa huku tunapotelea, na tunapotea zaidi kwa sababu hatuna mtu wetu aliyekaa kwenye hiyo meza ya kupanga.

Kwa asiyejua, curl ni kile kiprogramu cha kuvuta na kutuma data mtandaoni, kipo toka 1998, na hata kama hujawahi kukiona kimo ndani ya simu yako, TV, gari, na sijui seva ngapi. Anayekiongoza ni Daniel Stenberg, Mswidi, na watu wachache sana pembeni yake. Zawadi walianza kutoa 2019 na mpaka wanafunga walikuwa wamelipa zaidi ya dola 100,000, kwa pesa yetu kama milioni 350 hivi, kwa hiyo huwezi kusema ni ubahili. Shida ilikuja watu walipogundua kwamba unaweza kuiambia akili bandia ikuandikie ripoti ndefu, tamu, yenye maneno mazito ya usalama, ukaituma, ukibahatika unalipwa na usipobahatika hujapoteza kitu. Mwaka 2025 ripoti za usalama zilizothibitika kuwa za kweli zilishuka chini ya 5 katika kila 100. Sasa jiweke wewe, umetoka kazini jioni, unasoma kurasa nne kuhusu kosa ambalo halipo kwenye msimbo wako kabisa, na kesho kuna zingine tatu. Wahenga walisema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi, ila wahenga walikuwa wanaongelea mlango mmoja.

Kwa hiyo kuondoa pesa ilikuwa njia ya kuondoa sababu ya watu kupiga kelele. Mtu wa Gulu mwenye hitilafu ya kweli mkononi hajapunguziwa nafasi, ameongezewa, kwa sababu ripoti yake sasa haizami tena chini ya takataka. Hilo la curl naliacha hapo maana si ndilo linalonisumbua.

Linalonisumbua ni huku ndani. Kila mradi wenye ukubwa wowote una orodha ya tiketi, yaani ripoti na maombi ambayo watu wanawaandikia watunzaji wa programu, na kila tiketi inapewa aina, na namna ya kugawa aina imekuwa ikibadilika miaka yote hii. Debian, moja ya matoleo ya Linux, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wao wana ngazi 7 za uzito, ya juu kabisa ni ile hitilafu inayoharibu mfumo mzima na ya chini kabisa wanaiita ya matamanio, yaani ombi lako la maboresho linakaa foleni moja na hitilafu, lipo tu mkiani, halafu ripoti unatuma kwa barua pepe, kitu ambacho kwa mtu wa wilaya ya Moyo au Adjumani mwenye mtandao wa kukatikakatika ni neema. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, nao kwa miaka waliliweka ombi la maboresho kama ngazi ya uzito hivyohivyo mpaka 2019 wakaamua kutenganisha, hitilafu kivyake, maboresho kivyake, kazi za kawaida kivyake, tena wakafundisha mashine iwasaidie kupepeta maana wanaoripoti walikuwa wanachanganya. Kwenye GitHub, ile tovuti ambako miradi mingi inaweka msimbo na tiketi zake, ukifungua mradi mpya unakuta lebo zimeshawekwa, ya hitilafu ni nyekundu, ya maboresho ni bluu ya kupauka. Nyekundu inamfanya mtu akae vizuri kwenye kiti. Hiyo bluu nayo, mtu anaipita kama anavyopita bango la mganga kwenye nguzo ya umeme.

Na usidhani kugawa huko ni sayansi. Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walikaa wakapitia kwa mkono ripoti zaidi ya 7,000 za miradi mitano iliyoandikwa kwa lugha ya Java, wakakuta karibu theluthi ya zile zilizoitwa hitilafu hazikuwa hitilafu, yalikuwa maombi, marekebisho ya maelezo, au kazi ya kusafisha msimbo tu. Theluthi! Na wanaokosea si wageni peke yao. Mark Shuttleworth mwenyewe, mwenye Ubuntu, toleo jingine la Linux, hitilafu namba 1 aliyoifungua mwaka 2004 kwenye orodha yao ilikuwa inasema Microsoft ina sehemu kubwa mno ya soko, ikakaa wazi mpaka 2013 ndiyo akaifunga. Hiyo kama si ombi ni nini? Ila yeye ni mwenye nyumba, anaweza kuita matamanio yake hitilafu na hakuna wa kumgusa. Wewe na mimi tukijaribu hivyo tunabandikwa bluu kabla chai haijapoa.

Mfano wangu ni mmoja tu, wa risiti. Kuna SACCO ya akina mama wa sokoni hapa Arua niliwawekea programu huria ya hesabu, sitaitaja, na printa ndogo ya karatasi ya milimita 58, ile ya herufi 32 kwa mstari. Programu ilikuwa inaandika shilingi ya Uganda na senti, 1,250,000.00, na jina la mwanachama likiwa refu kidogo mstari unajaa, unakatika kwenye nukta, zile sufuri mbili zinaangukia chini peke yake kama watoto waliosahauliwa shuleni. Karatasi ikikaa kidogo kwenye mfuko wa gomesi inafifia, na vitu vya kwanza kupotea ni nukta na mikato. Mama mmoja alinijia amenyoosha risiti akaniuliza, "Mwanangu, hii milioni mia na ishirini na tano ni akiba yangu au ni deni?" Nikamwambia ni akiba mama, ila ni milioni moja na robo. Akacheka, lakini aliipeleka kwa katibu kuthibitisha, na mimi sikumlaumu.

Nikafungua tiketi. Nikaeleza kwa uchungu wote, kwamba huku senti hatuna, toka shilingi mpya ya 1987 hakuna aliyeshika senti, watu wanachanganyikiwa, wazee wanaogopa, naomba hizo sufuri zitolewe. Siku mbili baadaye ikabandikwa bluu, ombi la maboresho. Kimya. Baada ya siku 60 roboti likaandika kwamba tiketi imelala, na siku 7 mbele likaifunga. Nilikasirika vizuri tu, nikaenda kwenye grupu la WhatsApp kulalamika na wenzangu kama kumi wakasema hata wao, hata wao. Kumi! Na kati ya hao kumi hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika chochote kwenye orodha ya mradi. Hapo ndipo nilianza kujiuliza kama kosa ni la wale tu.

Maana ukweli ni kwamba tiketi yangu ilistahili ile bluu. Nilikuwa nimeandika ombi. Nilieleza maumivu, na maumivu hayafanyi kitu kiwe hitilafu, hitilafu ni programu kuvunja ahadi yake yenyewe, ile iliyoandikwa kwenye maelezo yake au ile ambayo mtu yeyote mwenye akili angeitarajia. Nikarudi kusoma maelezo yao na ndani kabisa, ukurasa ambao sidhani kama kuna anayeusoma, imeandikwa kwamba sarafu zote zinafuata ISO 4217, ile kanuni ya kimataifa ya kuandika sarafu. Na ISO 4217 iko wazi, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina nafasi 2 za desimali, shilingi ya Uganda ina 0. Nikafungua tiketi mpya, mistari sita: toleo gani natumia, nimechagua sarafu ya UGX, yaani shilingi yetu, nimeweka 1250000, nilitarajia 1,250,000 kama maelezo yenu yanavyosema, nimepata 1,250,000.00, na picha ya risiti. Sikutaja mama wala uchungu. Ilipewa nyekundu siku hiyohiyo na toleo lililofuata halikuwa na senti. Kitu ni kilekile, printa ileile, sufuri zilezile mbili.

Kuna watakaosema basi nimejijibu mwenyewe, mfumo unafanya kazi, wajinga ni sisi tusiojua kuandika. Nusu yake nakubali. Ripoti zetu nyingi ni mbaya jameni, tuambiane. Mtu anapiga picha ya skrini kwa simu nyingine yenye kioo kilichopasuka, anaandika haifanyi kazi saidieni, haweki toleo, hasemi alibonyeza nini, halafu akiulizwa swali anajibu baada ya wiki tatu au hajibu. Linganisha na Andres Freund, mtaalamu wa programu, Machi 2024, yeye aliona tu kuingia kwenye seva kwa SSH, ile njia salama ya kuingia ukiwa mbali, kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akapima, akafuatilia, akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyo kwenye karibu kila Linux. Nusu sekunde! Na hiyohiyo xz ina somo la upande wa pili, kwa sababu miaka miwili kabla, akaunti zisizojulikana zilikuwa zinamsakama mtunzaji wake, aliyekuwa peke yake na amechoka, mbona marekebisho yanachelewa, mbona hupokei kazi za watu, mpaka akamkaribisha msaidizi, na huyo msaidizi ndiye aliyekuja kupandikiza. Kwa hiyo wanaosema dawa ni kupiga kelele zaidi mpaka wasikie, mimi hiyo siiungi mkono. Mtunzaji aliyesongwa anafanya maamuzi mabaya na tunaolipia ni sisi sote.

Lakini ile nusu nyingine sikubali. Ahadi zilizoandikwa kwenye maelezo ziliandikwa na watu wa mahali fulani, wakifikiria maisha ya mahali hapo. Programu inayodai lazima ujaze nambari ya posta ya mtaa haijavunja ahadi yoyote, kwao kila nyumba inayo, huku kwetu mtu ana sanduku la posta la kanisa au la shule na wengi hata hilo hawana. Programu inayoganda mtandao ukikatika haijavunja ahadi pia, nani aliahidi mtandao utakatika? Sisi Januari 2021 tulikaa karibu siku 5 nchi nzima bila intaneti kwa ajili ya uchaguzi na Januari 2026 tukaonja tena. Kwa mtunzaji wa Berlin kufanya kazi bila mtandao ni maboresho mazuri tu siku moja. Kwa kituo cha afya cha Koboko ni kazi kufanyika au kutofanyika. Kanuni ya ahadi inawalinda wale ambao ahadi iliandikwa kwa ajili yao, wengine tunaingia kama waombaji hata pale kinachotukwamisha ni kizito kuliko hitilafu nyekundu ya mtu mwingine.

Hapo wengine wanaleta suluhisho la kura, watu wapige kura, ombi lenye kura nyingi lipande. VS Code ya Microsoft, programu ya kuandikia msimbo ambayo msimbo wake wenyewe uko wazi, inafanya hivyo waziwazi, ombi jipya linapewa siku 60, likipata kura 20 linaingia kwenye orodha ya kufikiriwa, lisipopata linafungwa. Kwa mradi unaopokea tiketi kama mvua naelewa kwa nini, na angalau wamekuambia idadi mapema. Ila kura inahesabu wangapi wako pale wanatazama, haihesabu wangapi wameumia. Watu wa SACCO wanaosoma risiti hawana akaunti za GitHub na hawatakuwa nazo, na hapa Arua nzima tunaoweza kuingia kupiga kura kwenye mradi mmoja labda tunaenea kwenye taksi moja na kiti cha mbele kikabaki wazi.

Roboti la kalenda nalo silipendi hata kidogo, na hapa wala sijaribu kuwa mpole. Lile linalotumika sana kwenye GitHub limewekwa tayari siku 60 halafu siku 7, mtu akiandika chochote hesabu inaanza upya. Matokeo yake watu wanaweka ukumbusho kwenye simu waje kuandika "bado ipo", na "bado ipo" haina taarifa yoyote mpya, ni kelele tupu, kwa hiyo kitu kilicholetwa kupunguza kelele kinazalisha kelele. Na anayekuwa kimya siku 60 mara nyingi ndiye yule aliyeishiwa data, au hitilafu yake inatokea mwisho wa muhula tu, au mwisho wa mwaka wa fedha Juni. Kama mtunzaji hataki kitu, aseme hataki. Lebo ya "hatutafanya" inauma siku moja ila ni jibu, unajua utafute programu nyingine.

Ghostty, programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta) ya Mitchell Hashimoto, imeenda njia ambayo kwa mara ya kwanza nilipoiona niliona ni dharau, mtu wa nje hafungui tiketi, unaanza kwenye majadiliano, na watunzaji wakikubali kwamba jambo ni la kweli na limeeleweka wao ndio wanaligeuza kuwa tiketi. Sasa hivi naiona ndiyo ya haki kuliko zote, kwa sababu kwenye majadiliano huulizwi kwanza hiki ni chekundu au bluu, unaeleza kinachotokea na wengine wanakuuliza, na lebo inakuja mwisho. Ile risiti yangu ingeanzia hapo, mtu angeniuliza tu mbona Uganda haina senti, na tungefika kwenye ISO 4217 bila mimi kupoteza miezi.

Na ile hoja ya kwamba hupendi basi tuma msimbo, ndiyo dhaifu kuliko zote na ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Ingekuwa na maana kama kinachokosekana ni msimbo. Kutoa sufuri mbili ni mistari michache, labda mmoja. Kilichokosekana ni mtu kukubali kwamba zitolewe, na ukituma msimbo kabla ya huko kukubaliana unaenda kukaa foleni nyingine, ndefu zaidi, halafu mtunzaji ana kazi mbili badala ya moja. Tena hoja hiyo imetupotosha sana sisi wenyewe. Kila mafunzo, kila mkutano wa vijana Kampala, wimbo ni mmoja, jifunze kuandika msimbo uchangie programu huria. Hakuna anayefundisha kijana kukaa na orodha ya tiketi 300, akaunganisha marudio, akajaribu kila hitilafu kwenye toleo jipya aone kama bado ipo, akaandika upya ripoti ya mtu mwingine ikaeleweka. Kazi hiyo haihitaji kompyuta kali wala mtandao wa kasi, inahitaji uvumilivu na kujua pande zote mbili, ya sokoni na ya mtunzaji.

Tazama ni programu ngapi nchi hii imeegemea. Takwimu za afya za wilaya zinapita kwenye DHIS2 inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Rekodi za wagonjwa kwenye vituo vingi ziko kwenye UgandaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa. Kwenye hizo za afya angalau kuna HISP Uganda, shirika la hapa la mifumo ya taarifa za afya, na watu wa Chuo Kikuu cha Makerere wanaokaa katikati, kwa hiyo shida ya Yumbe ina njia ya kufika Oslo ikiwa imeandikwa kwa lugha inayosikika Oslo. Upande wa SACCO, shule, maduka ya jumla ya Kikuubo, hakuna kitu, kila fundi kivyake na grupu lake la WhatsApp. Hapo ndipo pesa kidogo ingefanya kazi kubwa. Wakati SACCO au shule inapanga bajeti ya programu ya bure inaweka hela ya laptopu, printa, na fundi wa kusimika, na wote wanafurahi kwamba leseni ni sufuri, ila hakuna mstari wa kumlipa mtu saa chache kwa mwezi akusanye malalamiko, ayapepete, ayapeleke juu na kuyafuatilia. SACCO kumi zikichanga zinampata. Zile sauti kumi zilizoniambia "hata mimi" zingekuwa tiketi moja yenye ushahidi wa sehemu kumi, na hiyo hata mtunzaji aliyechoka vipi ataisoma mpaka chini.

Mimi kwa sasa najifanyia mwenyewe, bila malipo, usiku data ikiwa ya bei nafuu. Nina tiketi nyingine iko wazi kwenye mradi uleule: mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi, malipo yanaingia mara mbili. Wameibandika bluu. Nimepekua maelezo yao nikakuta wanaahidi kwamba kila muamala unahifadhiwa mara moja tu, kwa hiyo najenga kesi, nimekata mtandao makusudi mara ishirini na kuandika kilichotokea kila mara, imebaki kupata risiti mbili za muamala mmoja ambazo hazijafifia. Mama yule wa milioni mia na ishirini na tano ameniahidi kuniletea za kwake Jumamosi. Roboti liko siku ya 52.